Mchungaji naye hunywa maziwa



Leo ni Dominika ya Nne ya Pasaka, Dominika ya Mchungaji Mwema. Tangu mwaka 1964, kwa uamuzi wa Papa Paulo VI, Kanisa Katoliki huitumia siku hii kuombea miito duniani kote. Katika parokia nyingi leo masista watasimama mbele ya waamini kueleza maisha yao, waseminari watatambulishwa, na mchango wa kusomesha mapadri utapitishwa. Ni jambo jema, na nawaomba mtoe kwa moyo. Lakini Ijumaa ya wiki hii ni Mei Mosi, siku ya wafanyakazi, na katika kalenda ya Kanisa ni kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Siku hizi mbili zimekuwa kama majirani wasiosalimiana. Dominika tunaongea wito, Ijumaa tunaongea mshahara. Wito tumewaachia mapadri na watawa. Mshahara tumeviachia vyama vya wafanyakazi na mabango yao.

Leo nataka tuziketishe siku hizi meza moja. Vijana wengi wanaomsubiri padri nje ya sakristia baada ya Misa hawaulizi habari za seminari. Wanauliza jambo jingine: "Padri, nimemaliza chuo, barua za maombi nimepeleka mpaka nimechoka, sasa Mungu anataka nifanye nini?" Na yuko mama muuza mboga ambaye hana muda wa kusubiri, kwa kuwa watu wanapotoka kanisani ndipo wateja wake wanapita. Naye angepata nafasi, angeuliza kama Mungu anaiona ile meza yake ya nyanya. Maswali yote mawili ni maswali ya wito.

Injili ya Dominika hii hutoka katika sura ya kumi ya Yohane. Humo Yesu anajieleza kuwa mchungaji anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Haiti kwa makundi, kwamba wa seminari watoke nje na wa sokoni wabaki zizini. Mwaka uleule wa 1964, mwezi Novemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati yake juu ya Kanisa, Mwanga wa Mataifa. Sura ya tano ya hati hiyo inafundisha kwamba waamini wote, wa hali zote na kazi zote, wameitwa kuwa watakatifu, na kwamba kila mmoja hukua katika utakatifu huo ndani ya shughuli zake mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya hati hiyo, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa huyohuyo alikuwa amewatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Tunawajua sana vijana wa ikulu ya Kabaka, Karoli Lwanga na wenzake. Ni wachache wanaomkumbuka Noe Mawaggali, aliyeuawa kule Mityana tarehe 31 Mei 1886. Noe alikuwa mfinyanzi. Hakuwa padri wala mtawa. Alikula jasho la udongo, na leo Kanisa linaomba kwa jina lake.

Anayeona ajabu mfinyanzi kuwa na wito afungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho wake. Ili afanye nini? Ili abuni, afue dhahabu, fedha na shaba, achonge vito na mbao. Sisi tumezoea kuomba Roho Mtakatifu amshukie mhubiri kabla hajapanda mimbari. Hapa amemshukia fundi, na kazi ya fundi ndiyo ibada iliyotakiwa.

Basi kudhani kwamba wito ni mali ya nyumba ya padri ni kosa la kwanza. Kosa la pili linawaumiza vijana zaidi: kudhani kwamba wito ni sauti itakayokuja usiku, au ujumbe atakaoutoa mtu fulani mwenye karama. Wapo vijana wanaozunguka kutoka madhabahu hadi madhabahu wakitafuta kutabiriwa kazi. Wanalipia mafuta, wanalipia maji, wanalipia kitambaa; wanapomaliza, hata ile fedha ambayo ingewapeleka chuo cha ufundi VETA imekwisha. Siwalaumu, kwa maana mtu aliyekosa kazi kwa miaka mitatu hushika chochote. Lakini nawaambia wazi: Mungu aliyekupa mikono, macho na majirani ameshaanza kusema nawe kupitia hivyo.

Mfano mmoja utatusaidia. Joseph Cardijn alizaliwa Ubelgiji mwaka 1882 katika familia ya watu wa kipato kidogo. Yeye alikwenda seminari, wenzake aliokua nao wakaenda viwandani wakiwa bado wadogo. Aliporudi likizo aliwakuta wamebadilika, na walimtazama kama mtu aliyehamia upande wa wakubwa. Kisha baba yake, aliyejichosha kwa kazi ili mtoto asome, akafariki. Hapo ndipo Cardijn alipoamua kwamba upadri wake utakuwa kwa ajili ya vijana wafanyakazi. Chama alichokianzisha kilipata sura yake rasmi mwaka 1925, na huku kwetu tunakijua kwa jina la VIWAWA, Vijana Wafanyakazi Wakatoliki. Aliwafundisha vijana wake hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Tazameni kwamba hatua ya kwanza ni kuona. Cardijn alikuwa seminarini tayari, lakini sehemu kubwa ya wito wake aliipata kwa kuwatazama watu wa mtaani kwao.

Kijana anayetafuta wito wake nampa maswali matatu, na namwomba asiyajibu peke yake chumbani. La kwanza: mikono yako inafanya nini vizuri kiasi kwamba watu wengine wanakushuhudia? Usijishuhudie mwenyewe, maana kila mtu bafuni kwake ni mwimbaji. Kama majirani wanakuletea redio zao mbovu kabla ya kwenda kwa mwingine, hapo pana neno. La pili: ni nani anayehitaji kitu hicho, na anakihitaji mpaka yuko tayari kukitolea chochote? Kipaji kisichogusa haja ya mtu kinaweza kuwa burudani nzuri, lakini hakijawa wito.

Swali la tatu ndilo zito, nalo linatoka katika Injili. Katika sura hiyohiyo ya Yohane, Yesu anamtofautisha mchungaji na mtu wa mshahara. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani tofauti yao ni malipo: mmoja analipwa, mwingine anajitolea bure. Someni tena. Tofauti yao inaonekana mbwa mwitu anapotokea. Mtu wa mshahara anakimbia kwa sababu kondoo si mzigo wa moyo wake; mchungaji anabaki. Na kila kazi ina mbwa mwitu wake. Muuguzi ana zamu ya usiku na ndugu wa mgonjwa anayetukana. Mkulima ana mwaka ambao mvua inakata mahindi yakiwa yanabeba. Mwalimu ana darasa lililojaa mpaka mlangoni na madaftari ya kusahihisha hadi usiku. Kwa hiyo usijiulize tu ni kazi gani unaipenda. Kila mtu anapenda kazi siku ya mshahara. Jiulize ni taabu ya kazi gani uko tayari kuibeba bila kuwakimbia watu uliokabidhiwa.

Wala usiogope kwamba ukichagua leo umejifunga milele mahali pamoja. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa sekondari Pugu, shule ya Kanisa. Mwaka 1955 ilimlazimu achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi na mshahara wake. Darasa aliliacha, lakini hadi anazikwa Butiama watu walimwita Mwalimu. Kazi inaweza kubadilika, na aliyeitwa akabaki yuleyule.

Sasa tuje kwenye riziki, maana wito usiokulisha utakutoa kwenye njia. Mtume Paulo, katika sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anauliza kama yupo askari anayejigharimia vita, au mkulima wa mizabibu asiyeonja matunda yake, au mchungaji asiyekunywa maziwa ya kundi. Jibu analijua, nasi tunalijua. Mchungaji mwema anaweza kuutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, lakini asubuhi anakamua maziwa na kunywa. Hakuna dhambi hapo. Kumpenda kondoo na kunywa maziwa yake ni mambo yanayokaa pamoja katika zizi moja.

Kukamua nako kunahitaji ufundi. Paulo huyohuyo, kwa habari ya Matendo sura ya 18, alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu walikuwa na kazi moja, kushona mahema. Alikuwa amejifunza ufundi, alitafuta wenye ufundi kama wake, akafanya nao kazi. Kijana, huo ni mpango mzima. Jifunze kwanza, chuoni au kwa fundi anayekubalika, na uvumilie miezi ya kufagia karakana kabla ya kushika mashine. Tafuta wenzako wa kazi hiyohiyo, muwe kikundi, muweke akiba. Mkopo wa halmashauri unaokuja kwa kikundi au fedha ya VICOBA humsaidia mtu ambaye tayari ana kazi mkononi, na humwelemea asiye nayo. Andika daftari la mapato na matumizi, na usiifanye fedha ya duka kuwa fedha ya nyumbani. Mteja ukimwambia nguo yake itakuwa tayari Alhamisi, iwe tayari Alhamisi. Mafundi wetu wengi hawakukosa kipaji; walipoteza wateja kwa ahadi za "njoo kesho".

Na riziki hiyo iwe safi. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji mtoni wakamwuliza wafanye nini, katika Luka sura ya tatu, hakuwaamuru waache kazi. Aliwaambia wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Leo angewaambia wanunuzi wa mazao waache lumbesa, lile gunia lenye kilemba linalomfanya mkulima auze gunia moja na zaidi kwa bei ya gunia moja. Angemwambia fundi asibadilishe kifaa kizima akaingiza kibovu. Mtu anaweza kuwa na kipaji, wateja na fedha, na bado akawa mtu wa mshahara tu, kwa sababu kondoo wake anawachuna ngozi.

Hadi hapa nimesema na wanaotafuta. Sasa niseme na sisi tunaowatumia, kwa maana neno hili wito tumeligeuza kiboko.

Tunao mafundi cherehani katika kwaya zetu. Sare za Pasaka wanashona wao, usiku na mchana, na siku ya kuchukua nguo wanakwaya wanasema, "Mungu atakulipa, mama." Mungu hulipa, ni kweli, lakini mara nyingi hulipa kwa mkono wa yule aliyevaa hiyo sare. Tunaita bei ya ndugu, na maana yake siku hizi ni kwamba ndugu alipwe kidogo kuliko mgeni. Ingekuwa vema iwe kinyume chake: kwa fundi wa jumuiya yangu nilipe bei kamili na kwa wakati, kwa sababu najua jina la mtoto wake anayedaiwa ada.

Tazameni pia makatekista wetu vigangoni. Katekista ndiye anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, ndiye anayeongoza ibada Dominika ambazo padri hafiki, ndiye anayeitwa saa saba za usiku mtu anapokata roho. Tukimsifu tunasema kazi yake ni wito. Tukipanga bajeti ya parokia, wito huohuo unakuwa sababu ya kumpa kiasi ambacho hakitoshi sabuni. Hivyohivyo husemwa kwa walimu wa chekechea, kwa wahudumu wa wagonjwa, na kwa yule binti wa kazi aliyelea watoto wetu watatu: "anafanya kwa upendo, ni kama mwanetu." Kama ni mwanetu, mbona mwanetu mwingine ana bima ya afya na huyu hana?

Paulo, baada ya kuitetea haki ya mchungaji kunywa maziwa, anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo mbele ya Wakorintho. Hilo tulishike vizuri. Paulo alijinyima yeye mwenyewe kwa hiari yake. Hakunyimwa na baraza la Wakorintho kisha akaambiwa ni wito. Kujitolea ni zawadi ya anayejitolea. Anayefaidika hana haki ya kuidai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza mfanyakazi maskini alipwe siku ileile kabla jua halijazama, kwa kuwa moyo wake unaungoja ujira huo. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 uitwao Mambo Mapya, alifundisha kwamba haitoshi mwajiri na mfanyakazi kuwa wamekubaliana. Ujira wa haki lazima uweze kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi. Mtu mwenye njaa hukubali chochote, na kukubali kwake hakumwondolei dhambi aliyempunja.

Najua yupo msomaji aliyefika hapa akiwa na uchungu. Anasema: "Padri, unaongea na wenye kuchagua. Mimi ni mlinzi wa geti, nimeshika kazi iliyopatikana. Nilitaka kuwa daktari. Je, wito wangu ulipotea?"

Ndugu yangu, mtazame Yosefu tunayemwadhimisha Ijumaa. Papa Pio XII aliiweka sikukuu hiyo tarehe 1 Mei mwaka 1955, makusudi siku ya wafanyakazi. Injili ya Mathayo inasimulia ndoto nne za Yosefu. Katika ya kwanza anaambiwa asiogope kumchukua Maria. Katika ya pili anaambiwa akimbie Misri na mtoto na mama yake. Katika ya tatu anaambiwa arudi, na katika ya nne anaonywa, akaenda Galilaya. Hakuna hata ndoto moja inayozungumzia useremala. Malaika hakumtokea kumwambia achonge mbao. Wito wa Yosefu ulikuwa kumlinda mtoto na mama yake. Useremala ndio uliowapa ugali. Hatusomi popote kwamba aliudharau kwa sababu haukuwa katika ndoto. Aliufanya vizuri kiasi kwamba mtoto alikua akijulikana Nazareti kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kwa baadhi yetu kazi yenyewe ndiyo wito, na huyo amshukuru Mungu. Kwa wengine kazi ni mlinzi wa wito: wewe unalinda geti la mtu usiku ili binti yako asome, ili mama yako mgonjwa apate dawa. Usiku ule mrefu una jina mbele za Mungu. Na kama bado ndani yako kuna kipaji kinachogonga, usikizike. Kifanye Jumamosi, kifanye saa mbili baada ya zamu, kijifunze polepole, mpaka siku kitakapoweza kusimama chenyewe na kukulisha.

Wiki hii, kabla ya Ijumaa, nawapa kazi ya nyumbani. Wazazi, keti na mtoto wako mmoja umwambie jambo ambalo umeona analifanya vizuri, hata kama ni kushona au kufuga kuku na wewe ulitaka awe mwanasheria. Vijana, mwulizeni mtu mmoja wa jumuiya yenu anahitaji nini ambacho mikono yenu inakiweza. Kamati za fedha za parokia, wekeni posho ya katekista mstari wa kwanza wa ajenda, kabla ya vigae vya kanisa. Na wewe unayedaiwa na fundi, na muuza genge, na binti wa kazi, usisubiri hotuba za Mei Mosi. Walipe Alhamisi, kabla jua halijazama.

Nawatakieni Dominika njema.